Dhahabu ya Kilwa Kwenye Ukingo wa Mto Tagus

Mtu anayepata siku chache tu za kuutembelea mji mkongwe wa Ulaya anaweza kuchukua orodha ya vivutio na kukimbizana nayo tangu asubuhi hadi usiku, au anaweza kuchagua jambo moja linalomgusa na kulifuata popote linapompeleka, iwe ni penye umati wa watalii au katika mtaa ambao hauna mgeni hata mmoja. Nilipopata nafasi ya kupita Lisbon, baada ya kumaliza shughuli zilizonipeleka Ulaya, nilishika njia ya pili. Jambo langu nilikuwa nimelibeba kutoka nyumbani. Kwa miaka mingi nimefundisha historia ya pwani yetu katika shule ya sekondari nchini Tanzania, na kila mwaka nimewaambia wanafunzi kwamba Wareno waliitoza Kilwa dhahabu, kisha tukafunga daftari na kuendelea na mada nyingine. Nilitaka kujua dhahabu hiyo ilikwenda wapi.

Lisbon umejengwa juu ya vilima kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Tagus, ambao Wareno wenyewe huuita Tejo, karibu na mahali unapoingia katika Bahari ya Atlantiki. Nilianza mtoni, na ninamshauri kila atakayekwenda aanze hapo. Katika uwanja mkubwa unaoitwa Praça do Comércio kuna ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini kati ya nguzo mbili, na watu huziita Cais das Colunas. Nilikaa pale asubuhi nikitazama maji yakipanda ngazi moja baada ya nyingine. Mtu aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa anachokiona, kwa maana ule si mto tu unaoteremka kutoka bara. Maji ya bahari yanaingia na kutoka ndani yake, yanajaa na kupwa kama yanavyojaa na kupwa kwetu, na chumvi inanukia hewani. Mbele ya mji mto umetanuka kiasi kwamba ng'ambo ya pili inaonekana kwa mbali tu. Ukishaiona nafasi hiyo ya maji yaliyotulia, yenye kina na yenye njia ya moja kwa moja kwenda bahari kuu, unaelewa kwa nini taifa dogo pembezoni mwa Ulaya liliweza kukusanya merikebu nyingi mahali pamoja.

Baadaye nilipanda pantoni ya abiria kutoka Cais do Sodré hadi Cacilhas, ng'ambo ya mto. Ni pantoni ya watu wa kawaida wanaokwenda na kutoka kazini, nauli yake ni ndogo, na safari haichukui muda. Hakuna mahali pengine panapouonyesha mji mzima vizuri kuliko pale katikati ya maji. Upande wa mashariki kuna ngome ya São Jorge juu ya kilima, ambayo Mfalme Afonso Henriques aliitwaa kutoka kwa Waislamu mwaka 1147 akisaidiwa na wapiganaji wa vita vya msalaba, na chini yake nyumba za mtaa wa Alfama zimebanana. Katikati kuna bonde lenye mitaa iliyonyooka. Upande wa magharibi kuna daraja jekundu la chuma lililofunguliwa mwaka 1966 kwa jina la dikteta Salazar, likabadilishwa kuwa Daraja la 25 Aprili baada ya mapinduzi ya 1974. Zaidi ya daraja hilo kuna Belém, mahali ambapo merikebu zilisubiri upepo kabla ya kutoka.

Mitaa ile iliyonyooka ya bondeni, inayoitwa Baixa, ilinifundisha jambo ambalo sikulitarajia kuhusu historia yetu wenyewe. Imenyooka kwa sababu kilichokuwapo kabla yake kiliangamia. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa kanisani na mishumaa imewashwa, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji, mawimbi yakapanda mto na kuwakumba waliokimbilia ufukweni, kisha moto ukateketeza kilichosalia. Maelfu kwa maelfu ya watu walikufa. Waziri aliyejulikana baadaye kama Marquês de Pombal alisimamia ujenzi mpya kwa mpango wa mitaa mipana, na ndani ya kuta za nyumba yakawekwa matenga ya mbao yaliyokusudiwa kuhimili mtikisiko. Mabaki ya kanisa la Carmo, lililoachwa bila paa hadi leo, yapo juu ya bonde hilo, na mgeni anaweza kuingia na kutazama mbingu kati ya matao.

Hapo uwanjani, palipokuwa na jumba la mfalme, ndipo ilipokuwa pia Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya Wareno katika Bahari ya Hindi. Hesabu za dhahabu, pembe za ndovu na vitambaa vilivyopita Sofala (bandari ya kale katika Msumbiji ya leo), Kilwa na Mombasa zilikuwa zikipokelewa humo, na nyaraka nyingi za ofisi hiyo zilipotea katika maafa ya 1755. Nilikuwa nimesoma habari za tetemeko hilo kama habari za Ulaya, lakini pale mahali penyewe niliona kwamba sehemu ya kumbukumbu za pwani ya Waswahili iliteketea katika uwanja ule. Haikuteketea yote, nashukuru. João de Barros, mwanahistoria Mreno aliyekuwa msimamizi wa biashara katika Casa da Índia katika karne ya 16, alipata tarikh ya wafalme wa Kilwa na kuitumia katika kitabu chake kilichoanza kuchapishwa mwaka 1552, na yeye mwenyewe hakuwahi kufika Kilwa. Tunapoilinganisha simulizi hiyo na ile ya Kiarabu iliyohifadhiwa Zanzibar hadi karne ya 19, ndipo tunapopata orodha ya masultani tunayoifundisha darasani.

Belém nitaieleza kwa kifupi, kwa kuwa ndiko wageni wote wanakokwenda na habari zake zimeandikwa sana. Tramu namba 15 inafika huko, na treni pia. Vasco da Gama aliondoka hapo tarehe 8 Julai 1497 akiwa na merikebu nne, akafika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498. Aliporudi tena pwani yetu mwanzoni mwa 1499, mabaharia wake walikuwa wamekufa kwa wingi kiasi kwamba ilimlazimu kuichoma moto merikebu moja karibu na Mombasa kwa kukosa watu wa kuiendesha. Kaburi lake limo katika kanisa la monasteri ya Jerónimos, karibu na mlango, likiwa na sanamu yake aliyelala na mikono imekutanishwa kwa sala. Alifia Cochin, nchini India, mwaka 1524, na mifupa inayosemekana kuwa yake ililetwa katika monasteri hiyo mwaka 1880 tu.

Monasteri yenyewe ni jengo zuri mno, na nisingependa hasira ya historia inizuie kulisema hilo. Mawe meupe yamechongwa kamba, matawi na vinyama vya baharini kwa ustadi unaomfanya mtu akae chini ya nguzo moja kwa muda mrefu. Liliagizwa na Mfalme Manuel wa Kwanza, na fedha za kulijenga zilitokana na sehemu ya ishirini ya mapato ya biashara ya Afrika na Mashariki. Hatua chache kutoka hapo, ukingoni mwa mto, kuna mnara wa saruji wa mwaka 1960 wenye umbo la chombo cha baharini, ambao juu yake zimesimama sanamu 33 za wafalme, manahodha, mapadri na wachora ramani. Nilizitazama zote kwa utaratibu. Hakuna hata mmoja miongoni mwao anayewakilisha marubani wa Bahari ya Hindi, ingawa aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi hadi pwani ya India alikuwa rubani aliyepewa huko Malindi, anayezijua pepo za kusi na kaskazi kuliko yeyote katika msafara ule.

Nilimpata mwongozaji wangu halisi mahali nisipopatarajia. Katika uwanja mdogo mbele ya kanisa la São Domingos, karibu na Rossio, Waafrika wanaoishi Lisbon hukutana kuzungumza, na wengine huuza kokwa za kola na bidhaa ndogondogo. Mzee mmoja aliyevaa kofia alikuwa akiongea kwa simu kwa maneno niliyoyaelewa zaidi ya nusu. Alipomaliza nilimsogelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakuleta huku?" alijibu, huku akinitazama kwa mshangao wenye furaha.

Nilipomwambia natoka Tanzania, alicheka na kusema, "Basi sisi majirani, wewe ng'ambo ya Ruvuma tu." Alikuwa mwenyeji wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mwenye Kimwani chake cha nyumbani na Kiswahili cha kuelewana na watu wa upande wetu. Nilimweleza kwamba kesho yake ningekwenda makumbusho kuiona dhahabu ya Kilwa. Aliijua. Akaniambia, "Ukienda huko, mwanangu, usipande gari. Tembea kwa miguu, upite Poço dos Negros, halafu ndiyo ukaitazame hiyo dhahabu."

Alinionyesha pia jiwe la ukumbusho lililowekwa katika uwanja ule mwaka 2008. Mwezi wa Aprili 1506, umati uliochochewa na watawa uliwaua mamia kwa mamia ya watu waliotoka katika ukoo wa Kiyahudi na kubatizwa kwa lazima miaka michache kabla. Ndani ya kanisa, nguzo bado zina makovu ya moto wa mwaka 1959, na hapo ndipo Waafrika wa Lisbon walipokuwa na chama chao cha ibada cha Bikira Maria wa Rozari, enzi ambazo wengi wao walikuwa watumwa.

Nilifuata ushauri wa mzee. Kutoka Rossio nilipanda hadi Chiado, nikateremka upande wa pili, na viatu vyenye soli inayoshika vilinisaidia kuliko ramani, kwa sababu vijiwe vyeupe vya njia za miguu za Lisbon vimesuguliwa na nyayo kwa miaka mingi hadi vinateleza hata siku isiyo na mvua. Rua do Poço dos Negros ni mtaa wa kawaida wenye mikahawa, maduka na nyumba za ghorofa zilizofunikwa vigae. Jina lake linamaanisha shimo la watu weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel aliagiza lichimbwe shimo la kutupia miili ya watumwa waliokufa, ambayo ilikuwa ikiachwa bila kuzikwa, na chokaa iwe inamwagwa ndani yake. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1551, karibu mtu mmoja kati ya kila kumi mjini Lisbon alikuwa mtumwa. Mbele kidogo, katika eneo linaloitwa sasa Madragoa, ndipo ulipokuwa mtaa wa Waafrika ulioitwa Mocambo. Nilitembea polepole. Watu walikuwa wakinywa kahawa mezani nje ya milango, mtoto akipita na begi la shule, na nilijikuta nikiwasomea Fatiha wasio na makaburi, kwa kuwa miongoni mwao hawakukosekana Waislamu.

Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale yapo katika mtaa wa Janelas Verdes, ndani ya jumba la zamani lenye bustani inayotazama gati na mto. Kama makumbusho mengi ya Lisbon, hufungwa Jumatatu, na mara kwa mara kumbi zake hufungwa kwa matengenezo, kwa hiyo ni vyema kuuliza kabla ya kwenda. Wengi huenda hapo kwa ajili ya michoro, na michoro hiyo inastahili. Mimi niliuliza njia ya kwenda chumba cha kazi za usonara.

Kipo ndani ya kabati la kioo, chini ya taa. Ni chombo cha kuonyeshea Ekaristi wakati wa kuabudu, kinachojulikana kama Custódia de Belém, chenye kimo cha sentimita 73 hivi, kazi inayohesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente. Picha za vitabuni zilinifanya nifikiri ni kitu kizito na kikubwa. Kwa macho ni chembamba kama mnara wa kanisa uliopunguzwa, chenye nguzo nyembamba mno kiasi kwamba unashangaa mikono ya binadamu iliwezaje kuzifanya bila kuzivunja. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka sehemu ya katikati, wamevaa mavazi ya rangi za buluu, nyekundu na kijani yaliyopakwa kwa kioo kilichoyeyushwa, na nyuso zao zimeinuliwa. Juu yao kuna njiwa mweupe, na juu kabisa Mungu Baba ameshika tufe la dunia. Kwenye shina kuna matufe ya falaki, alama ya Mfalme Manuel. Chini, kwenye kitako, kuna ndege na maua.

Pembezoni mwa kitako hicho yamezunguka maandishi. Niliinama hadi paji la uso likakaribia kioo, na nikazunguka kabati taratibu, herufi kwa herufi, hadi nilipofika penye jina la Kilwa, ambayo Wareno waliiita Quiloa. Maandishi yanasema kwamba mfalme mtukufu na bwana mwenye nguvu Manuel wa Kwanza aliamuru chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Hakuna kilichofichwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika mbele ya Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kukubali kulipa kodi ya mithkali 1,500 za dhahabu kila mwaka (mithkali ni kipimo cha zamani cha uzito wa dhahabu), na dhahabu hiyo ikafika Lisbon mwaka uliofuata. Mwaka 1505, wakati sonara bado akiifua, kamanda Mreno Francisco de Almeida aliivamia Kilwa, askari wake wakaupora mji, na mwezi uliofuata wakaichoma Mombasa.

Mlinzi wa chumba, mwanamke wa makamo, aliona nimesimama muda mrefu, akanijia na kuniuliza kwa Kiingereza cha taratibu kama natoka Brazil. Nilimwonyesha neno lile kwenye kitako, nikamwambia kwamba mji huo upo, uko kusini mwa Tanzania, kwenye kisiwa, na msikiti wake mkubwa wenye kuba nyingi bado umesimama, na kwamba msafiri Ibn Battuta aliyefika huko mwaka 1331 aliusifu mji huo. Alisema amefanya kazi katika chumba kile kwa miaka mingi na alikuwa akifikiri Quiloa ni mahali palipokwisha. Aliniomba nimwandikie jina kama tunavyoliandika sisi. Nilimwandikia kwenye kikaratasi, naye akakikunja na kukiweka mfukoni mwa sare yake.

Hisia zangu mbele ya kabati lile hazikuwa za aina moja, na sioni haja ya kuzilazimisha ziwe hivyo. Niliona uzuri wa kazi ya mkono na nikauheshimu. Niliona pia kwamba jina la Manuel liko kwenye chombo cha ibada, liko kwenye kuta za monasteri ya Belém, na liko kwenye agizo la lile shimo la watumwa, na kwamba asingepita kwa miguu mgeni angeyaona mawili ya kwanza tu. Swali la iwapo kitu hiki kirudishwe kwetu liliniumiza kichwa. Kwa upande wangu, ninaamini mazungumzo kuhusu hilo yanapaswa kuanza, na yanapaswa kuanza na watu wa Kilwa wenyewe. Angalau kionyeshwe siku moja Tanzania, ili mtoto wa Kilwa Masoko asome jina la nyumbani kwao kwenye dhahabu yenyewe badala ya kulisoma katika kitabu chenye picha iliyofifia.

Tangu nirudi, kipindi changu cha Wareno kimebadilika. Ninaanza na maandishi ya kitako, nikiyaandika ubaoni, kisha ninawaacha wanafunzi wayafuate kinyumenyume: kutoka Lisbon hadi Kilwa, kutoka Kilwa hadi Sofala, kutoka Sofala kupanda hadi nyanda za juu za Zimbabwe ambako dhahabu ilichimbwa. Wanabishana juu ya nani alilipwa nini katika kila kituo, na nani hakulipwa kabisa. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliuliza wale mafundi waliozitoa chembe za dhahabu ardhini walikuwa na majina gani. Nilimwambia majina yao hayakuandikwa, si Lisbon wala kwetu, na darasa likatumia muda uliobaki kujadili ni vitu gani vya watu hao vinaweza kuwa bado vimo ardhini, na ni nani anayepaswa kwenda kuvichimbua.